Pantoni kati ya Prosesa na Kadi ya Grafiki

Wiki mbili kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha nilijifungia chumbani naandika programu ya kuonyesha chembe za gesi zikirukaruka ndani ya boksi. Nilishapangiwa Fizikia kidato cha tatu, na mada ya sheria za gesi naikumbuka tangu nikiwa mwanafunzi mwenyewe: mwalimu anachora nukta ubaoni, anaziwekea mishale, anasema "chembe zinakwenda kasi sana". Nukta zile hazijawahi kwenda popote. Nikajiambia safari hii wataona mwendo wenyewe. Chembe 2000 ndani ya boksi, kila moja inasukumana na nyingine zote, unalibana boksi na darasa zima linaona kwa macho kwamba kuta zinagongwa mara nyingi zaidi. Kanieneo ndiyo hiyo, haihitaji maneno mengi.

Laptopu yangu ni ya kawaida tu, zile ambazo wengi wetu tunazo, haina kadi ya grafiki ya kujitegemea. Ikanipa fremu 7 kwa sekunde. Fremu ni picha moja kamili, na sinema za kawaida zinapita fremu 24 kwa sekunde ndiyo maana jicho linaona mwendo. Kwa fremu 7 chembe haziruki, zinachechemea.

Mshikaji wangu wa kitanda cha juu yeye ana laptopu yenye kadi ya grafiki, GTX 1050, aliyoinunua kwa ajili ya gemu (na boom la semesta nzima likaishia hapo, akaishi kwa chipsi kavu miezi miwili). Akaniambia, "Ticha, hamishia huku uone moto." Programu nilikuwa nimeiandika kwa Python, nikitumia maktaba ya hesabu iitwayo NumPy. Kuna maktaba nyingine, CuPy, ambayo amri zake karibu zote zinafanana na za NumPy, ila hesabu zinafanyika kwenye kadi ya grafiki. Nikabadilisha mstari mmoja tu. Nikawasha.

Fremu 5 kwa sekunde.

Mashine ya zaidi ya milioni moja imeshindwa na yangu ya mtumba. Mshikaji aliangalia kioo, akanyamaza, akarudi kitandani kwake. Mimi nikakesha. Nilichokigundua usiku ule na siku chache zilizofuata ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu nimeona wenzangu wengi wa mwaka wa mwisho wakijipanga kununua au kukopa mashine zenye kadi za grafiki kwa ajili ya miradi yao, na wanaamini kama nilivyoamini mimi: weka kazi kwenye kadi, kasi itakuja yenyewe.

Mji wa ng'ambo

Tuanze na nani anafanya nini. Prosesa, yaani CPU, ni fundi mwenye viini vichache, vinne au sita au nane, lakini kila kimoja kina akili nyingi: kinaweza kurukia kazi yoyote, kuamua haraka, kubadili uelekeo kila baada ya amri mbili. Kadi ya grafiki, yaani GPU, ina viini vidogo vingi. Hiyo GTX 1050 inavyo 640. Kimoja kimoja ni dhaifu, lakini ukivipa kazi inayofanana, kila kimoja na kipande chake, vinaimaliza kwa pamoja. Kwa programu yangu hiyo ni neema: chembe 2000 zikisukumana kila moja na kila nyingine ni jozi milioni 4 za kukokotoa kwa kila fremu, na hesabu ya kila jozi ni ileile.

Sasa jambo ambalo dukani hawakuambii. Kadi ya grafiki ya kujitegemea ina kumbukumbu yake yenyewe, mbali na RAM ya kompyuta. Viini vyake havisomi RAM yako kama vinavyosoma ya kwake. Ndani ya kadi ile data zinatembea kwa kasi ya gigabaiti 112 kwa sekunde kati ya kumbukumbu na viini. Kadi kubwa kama RTX 4090 inafika gigabaiti 1008. Lakini kutoka RAM ya prosesa hadi kwenye kadi kuna njia moja tu, inaitwa PCI Express. Toleo la tatu likiwa na njia zake zote 16 linabeba kama gigabaiti 16 kwa sekunde kila upande, na hiyo ni kwenye karatasi. Nilipopima mwenyewe nilipata karibu 12. Toleo la nne ni mara mbili yake, la tano mara mbili tena, lakini na kadi nazo zinakua. Laptopu nyingine zinaipa kadi njia 4 au 8 tu kati ya 16, kwa hiyo hata hiyo 12 huipati.

Aliyewahi kwenda Kigamboni kwa pantoni ataelewa haraka. Posta huku kuna barabara, Kigamboni kule kuna barabara, katikati kuna maji. Unaweza kuwa na gari la mwendo gani sijui, ukifika Magogoni unasimama, unasubiri geti, unasubiri chombo kirudi. Na hapa kuna mambo mawili tofauti ambayo watu wanayachanganya kila siku. La kwanza ni pantoni linabeba kiasi gani kwa safari. La pili ni safari moja inachukua muda gani. Pantoni likivuka na bajaji moja au likivuka limejaa hadi pembeni, muda wa kuvuka ni uleule. Kati ya prosesa na kadi ni hivyohivyo: kuna upana wa njia, unaopimwa kwa gigabaiti kwa sekunde, na kuna gharama ya kila safari, inayopimwa kwa maikrosekunde, ambayo unailipa hata kama umebeba baiti 4 tu.

Mimi nilidhani tatizo langu ni upana. Nikachukua kikokotoo. Kila chembe ina namba nne: mahali ilipo kwa mlalo na kwa wima, na kasi yake kwa mlalo na kwa wima. Namba moja ni baiti 4. Chembe 2000 mara 16 ni baiti 32,000. Kwa gigabaiti 12 kwa sekunde, mzigo huo unavuka kwa chini ya maikrosekunde 3. Fremu moja kwangu ilikuwa inachukua milisekunde 200. Maikrosekunde 3 ndani ya milisekunde 200 ni sawa na kumlaumu abiria mmoja mwembamba kwamba ndiye aliyezamisha meli.

Kwa hiyo mzigo ulikuwa mdogo, kasheshe ilikuwa kwenye idadi ya safari.

Swali moja, safari moja

Ndani ya programu nilikuwa nimeandika kitu cha kawaida kabisa, ambacho mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angekiandika: pitia chembe moja moja, kama imevuka ukuta wa pembeni, geuza kasi yake ya mlalo, kama imevuka sakafu au dari, geuza ya wima. Chembe 2000, maswali mawili kila moja, jumla maswali 4000 kwa fremu.

Kwenye laptopu yangu maswali hayo ni bure. Prosesa inauliza, RAM ipo palepale, jibu linakuja kabla ya maikrosekunde moja kuisha. Lakini nilipobadilisha ule mstari mmoja, chembe zikahamia ng'ambo, na aliyekuwa anauliza "kama" alibaki huku. Ni prosesa ndiyo inayoamua programu iende wapi baada ya swali. Ili iamue, lazima ijue jibu. Kwa hiyo kwa kila "kama" ilibidi itume amri ng'ambo, kadi ilinganishe namba moja (viini 640, namba moja!), halafu jibu la ndiyo au hapana lipande pantoni lirudi. Na wakati wote huo prosesa imesimama kwenye geti inasubiri.

Nilipima: swali moja lilichukua kama maikrosekunde 40. Maswali 4000 ni milisekunde 160. Hesabu nzito ya jozi milioni 4, ile niliyoiogopa, ilichukua milisekunde 7 tu. Kuchora picha milisekunde 30 na kitu. Jumlisha, unaipata ile 200, unazipata zile fremu 5.

Kinachouma ni kwamba hakuna popote kwenye programu palipoandikwa "hamisha". Maktaba ilikuwa inanihamishia kimyakimya kwa wema wake. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wanaotumia maktaba za namna hii, ziwe za hesabu au za kufundisha mashine: tafuta kila mahali ambapo programu inaitazama namba moja. Kuichapisha kwenye kioo ili uone maendeleo, kuilinganisha ndani ya "kama", kuigeuza iwe namba ya kawaida ya Python. Kila kutazama ni kuvuka. Rafiki yangu mmoja alikuwa anachapisha kiwango cha makosa baada ya kila hatua ndogo ya mafunzo, apate faraja ya kuona namba zinashuka. Faraja ile ilikuwa na bei.

Dawa yake haikuwa ngumu. Badala ya kuuliza chembe moja moja, unaiambia kadi kwa amri moja: "kwa chembe zote, palipovukwa ukuta, geuza kasi." Swali linajibiwa kulekule ng'ambo, na uamuzi unafanyika kulekule. Prosesa haihitaji kujua ni chembe zipi. Maswali 4000 yakawa amri chache. Fremu moja ikashuka kutoka milisekunde 200 hadi kama 40, nikapata fremu 25 kwa sekunde. Mshikaji akashuka kitandani.

Saa ilivyonidanganya

Kabla sijafika hapo lakini, nilipoteza siku nzima kwa kuamini saa. Hili nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu naona hata kwenye ripoti za miradi watu wanaweka majedwali ya muda ambayo, samahani, hayana maana.

Nilifanya kama mtu yeyote: nikaweka saa kabla ya hesabu ya jozi milioni 4, nikaweka saa baada yake. Ikasoma muda mdogo sana, sehemu ndogo ya milisekunde. Nikafurahi. Kisha nikapima mstari unaofuata, unaorudisha mahali pa chembe kwenye RAM ili zichorwe. Milisekunde 7! Baiti 16,000 tu (nilirudisha mahali peke yake, kasi haichorwi), na zinachukua milisekunde 7? Nikaanza kuilaani PCI Express. Nikasoma mambo ya kebo, ya joto, ya draiva.

Kumbe prosesa na kadi hawafanyi kazi kwa kusubiriana. Prosesa inapotuma amri kwa kadi, haikai kuangalia ikitekelezwa. Inaiweka kwenye foleni, inaendelea na mambo yake. Ni kama kumwachia fundi nguo zako za kushona: umeweka mezani, umeondoka, kazi bado haijaanza. Saa yangu ya kwanza ilipima muda wa kuweka nguo mezani. Lakini unaporudi kuzichukua na hazijaisha, unakaa kwenye benchi. Mstari wa kurudisha data ndio ulikuwa benchi, kwa sababu hauwezi kurudisha jibu ambalo halijapatikana. Zile milisekunde 7 zilikuwa za hesabu, zikaandikwa kwenye akaunti ya usafiri.

Maktaba zote hizi zina amri ya kusema "subiri kadi imalize kila kitu kilicho kwenye foleni". Iweke kabla ya kuwasha saa na kabla ya kuizima, hapo utapata namba za kweli. Halafu ukishamaliza kupima iondoe. Ukiiacha kwenye programu, unakuwa umeiua ile foleni, na foleni ndiyo mali. Kwa kuwa hawasubiriani, prosesa inaweza kuandaa fremu inayofuata huku kadi ikikokotoa iliyopo. Kila mahali ulipolazimisha wasubiriane, mmoja anapumzika kwa lazima.

Si kila mzigo unastahili kuvuka

Baada ya kufanikiwa nikapata ulevi wa kutaka kuhamishia kila kitu kwenye kadi. Nikajaribu kitu chepesi: kujumlisha orodha mbili, kila moja na namba milioni 100. Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo mtu anapoweza kuokoa pesa yake.

Orodha moja ni megabaiti 400. Mbili ni 800 za kwenda, jibu ni 400 za kurudi. Kwa gigabaiti 12 kwa sekunde, kwenda ni kama milisekunde 67, kurudi 33. Safari peke yake ni milisekunde 100. Ndani ya kadi, kusoma na kuandika megabaiti 1200 kwa gigabaiti 112 ni kama milisekunde 11. Jumla 111. Sasa prosesa ifanye yenyewe, kwenye RAM inayotoa tuseme gigabaiti 20 kwa sekunde: megabaiti 1200 ni milisekunde 60. Imemaliza, imekaa, inaisubiri kadi irudi kutoka ng'ambo.

Kadi hapa imeshindwa kwa sababu kila namba iliyovuka imefanyiwa kazi moja tu, kujumlishwa, ikarudi. Linganisha na chembe zangu: baiti 32,000 zinavuka, kisha jozi milioni 4 zinakokotolewa. Cha kujiuliza kabla ya kukopa mashine ya mtu ni hicho: kila baiti ninayoivusha itafanya kazi ngapi kabla ya kurudi? Kama ni moja au mbili, kaa na prosesa yako. Na kama data zikishavuka zinaweza kukaa kulekule kwa hatua elfu moja bila kurudi, hata kazi nyepesi inalipa, kwa sababu nauli umelipa mara moja.

Historia yenyewe ya kadi hizi imekwenda kwa mtindo huo. Miaka ya 1990 kadi za grafiki zilikaa kwenye njia ya PCI, megabaiti 133 kwa sekunde, na njia hiyo waligawana na vifaa vingine. Ikaja AGP, njia ya grafiki peke yake, kisha PCI Express mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini kupanua njia ilikuwa nusu ya dawa. Programu za OpenGL za zamani zilikuwa zinatuma pembe za kila pembetatu upya kwa kila fremu, hata kama nyumba kwenye gemu haijasogea tangu asubuhi. OpenGL 1.5 ya mwaka 2003 ikaleta bafa ambazo unazipeleka kwenye kadi mara moja na kuziacha hukohuko, halafu kila fremu unasema tu "chora ile".

Kumbumbu ya kadi ikijaa, hata hivyo, mambo yanageuka. Kuna programu zinazokataa na kukatika. Nyingine, hasa gemu, zinaanza kuhamisha vitu kwenda na kurudi RAM, na hapo ndipo picha inapoganda sekunde nzima katikati ya mechi na watu wa hosteli wanaanza kulaumu umeme.

Majani ya mihogo

Wakati natapatapa na gesi, rafiki yetu mmoja wa sayansi ya kompyuta alikuwa na shida ya upande wa pili. Anafundisha mashine itambue magonjwa ya mihogo kwa picha za majani. Picha ni zile zilizokusanywa Uganda, 21,367, zikawekwa hadharani mwaka 2020 kwa ajili ya mashindano ya Kaggle. Kipimo cha kadi kilikuwa kinasoma asilimia 15, kinapanda kidogo, kinashuka. Yeye akawa anatafuta kadi kubwa zaidi.

Kadi inayofanya kazi kwa asilimia 15 haijazidiwa. Ina njaa. Tulipokaa naye tukaona kila picha ina ukubwa wa nukta 800 kwa 600, imehifadhiwa kwa JPEG, na mfumo wake ulikuwa unafungua picha, unaipunguza hadi nukta 224 kwa 224, unaibadilisha kuwa namba za baiti 4, ndipo unaituma. Hayo yote kwa kiini kimoja cha prosesa, na anarudia kila mzunguko, picha zilezile. Kadi inamaliza kundi la picha 32 kwa kufumba na kufumbua, halafu inakaa mlangoni.

Tulifanya mambo manne, na hayakuwa na uzito sawa. Kubwa kuliko yote, tulizipunguza picha zote mara moja tukazihifadhi zikiwa ndogo. Kisha tukawapa kazi ya kufungua picha viini vinne badala ya kimoja, ili kundi linalofuata liwe tayari wakati kadi inatafuna lililopo. Hiyo ni kama pantoni mbili, moja ikiwa ng'ambo nyingine inapakia. La tatu, tulituma picha zikiwa bado baiti moja kwa kila rangi ya kila nukta, ubadilishaji wa kuwa namba za baiti 4 ukafanyika kwenye kadi yenyewe. Mzigo ukawa robo. Kundi la picha 32 lililopunguzwa ni karibu megabaiti 4.8 kwa njia hiyo, badala ya 19.

La nne ndilo lililonifurahisha kulielewa, ingawa faida yake ilikuwa ndogo. Mfumo wa uendeshaji una tabia ya kuhamisha vipande vya RAM, hata kuvipeleka kwenye diski, bila kuuliza mtu. Kifaa kinachobeba data kwenda kwenye kadi kinasoma RAM chenyewe bila kupitia prosesa, kwa hiyo hakiwezi kuvumilia data zihamehame katikati ya kazi. Ukiiambia ibebe kutoka kwenye RAM ya kawaida, draiva kwanza inanakili data zako kwenye eneo lililofungwa, lisilohamishika, kisha inabeba kutoka hapo. Mzigo mmoja unabebwa mara mbili. Unaweza kuomba data zako ziwekwe kwenye eneo lililofungwa tangu mwanzo, na hapo kubeba kunaweza hata kuendelea sambamba na hesabu. Usifunge eneo kubwa mno lakini, maana RAM uliyoifunga programu nyingine haziigusi, na laptopu ya gigabaiti 8 itakuzimikia.

Mzunguko mmoja wa mafunzo ulikuwa dakika 25. Ukawa 6, kwa kadi ileile. Ile pesa ya kadi mpya sijui ameifanyia nini, naona ana viatu.

Sisi tusio na kadi

Wengi wetu tuna mashine ambazo grafiki iko ndani ya prosesa yenyewe. Msijione wanyonge sana. Hapo hakuna maji ya kuvuka: prosesa na grafiki wanatumia RAM moja. Simu zetu zote ziko hivyo, PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilijengwa hivyo, na kompyuta za Apple za M1 za mwaka 2020 ziko hivyo. Kasoro ni kwamba wote wawili wanagombea barabara moja, na barabara hiyo ni nyembamba kuliko ile ya ndani ya kadi. Ndiyo maana laptopu ya namna hii yenye kipande kimoja cha RAM inateseka: nafasi ya pili ikiwa tupu, mara nyingi unatumia nusu ya barabara. Kipande cha pili kinachofanana na cha kwanza kinaipanua mara mbili, kwa bei ambayo haihitaji kumpigia simu mjomba.

Nayo programu inabidi ijue kwamba RAM ni moja. Nimekuta programu inayonakili data kutoka RAM kwenda RAM kwa ustaarabu wote, kana kwamba kuna kadi ng'ambo.

Kuhusu chembe zangu: siku ya kipindi mshikaji alinipa laptopu yake, nikaapa sitaila chipsi juu yake. Projekta ya shule ilikubali. Nilipolibana boksi, kijana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, mbona zimekasirika?" na nusu saa iliyofuata haikuwa na kazi ngumu. Mara moja tu picha iliganda, nilipoongeza chembe hadi 10,000 kwa tamaa. Jozi zikawa milioni 100, kumbukumbu ya kadi ikajaa.

Bado zimebaki zile milisekunde 30 za kuchora. Mahali pa chembe panatoka kwenye kadi, panarudi kwa prosesa, prosesa inachora picha nzima kwa mkono wake, nukta kwa nukta, kazi ambayo kadi ilizaliwa kwayo. Njia ipo ya kuifanya kadi ichore moja kwa moja kutoka kwenye bafa ilizonazo, bila data kurudi huku hata mara moja, na nimeshaanza kuiandika upya hivyo. Toleo linalofanya kazi ninalo. Anayelitaka kwa ajili ya kipindi chake aje na flashi, chumba ni kilekile ghorofa ya tatu, na tafadhali iwe haina virusi.